Njuga za Tarishi Maftaha

Maneno yenyewe hayakuwa mengi.

"Mzee, kukimbia nako kunafundishwa? Basi tufungue na chuo cha kukohoa."

Karani Klementi aliyasema akiwa ameketi, kalamu nyuma ya sikio, soksi zimevutwa hadi magotini. Watu waliokuwa wakingoja kwenye baraza ya ofisi ya barua, pale Lindi, wakacheka. Maftaha bin Hemedi hakucheka. Alikuwa amesimama juu ya miguu iliyobeba barua za watu hao hao kwa miaka thelathini na mmoja, ya Mdachi na ya Mwingereza, na damu ilimpanda kichwani mpaka masikio yakavuma. Mkononi alishika njuga zake, zile kengele ndogo za shaba ambazo tarishi hufunga mguuni. Siku ile alikuwa ameitwa azirudishe.

Ulikuwa mwaka 1934. Nzige walikuwa wamekwisha ondoka na kuacha mashamba kama uwanja uliofagiliwa, na baada ya nzige likaja lori. Kiangazi lori lilipita kutoka Kilwa Kivinje mpaka Lindi na mifuko ya barua imelala juu ya magunia ya ufuta. Wakati wa mvua lilizama kwenye matope ya mto Mbwemkuru kama nguruwe, na hapo tena miguu ya watu ilihitajika. Kwa hiyo Mzungu wa ofisi, Bwana wa Barua kama alivyoitwa, aliamua kuwaachisha matarishi wa zamani wote na kuchukua wapya wachache, wenye nguvu, wa kukimbia wakati wa mvua tu. Goti la kushoto la Maftaha lilikuwa limekwisha. Aliambiwa aende nyumbani Mchinga akapumzike.

Alichoomba kilikuwa kimoja. "Goti limekwisha, elimu haijakwisha," alimwambia Klementi. "Mwambie Bwana aniache niwafundishe hao wapya. Mtu asiyefundishwa hamalizi mvua moja. Atavunjika nyonga, au ataoza nyayo, au atatupa mfuko kichakani akimbilie kwao. Nimewaona wengi."

Alieleza mambo ya robo saa nzima, ya pumzi na ya nyayo, na ya maji yanywewe lini. Klementi akayageuza yote kwa Kiingereza kwa pumzi moja. Maftaha alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza barabarani, kiasi cha kutosha kujua kwamba ameibiwa.

Bwana wa Barua alitabasamu, akasema kitu, na Klementi akakirudisha: "Bwana anasema mtu mweusi hafundishwi kukimbia. Anazaliwa anakimbia."

"Na yeye alizaliwa anaandika barua?" akauliza Maftaha.

Hilo Klementi hakuligeuza.

Lazima ijulikane kukimbia kulikuwa nini kwa Maftaha, maana waliokuja baadaye wanadhani tarishi alikuwa punda wa barua. Alizaliwa Kivinje, katika nyumba ya wavuvi waliohamia Mchinga baadaye. Alipokuwa kijana alichukuliwa na mzee mmoja aitwaye Kudra, aliyekuwa amekwenda na misafara mpaka Nyasa na kurudi mara tisa bila kuugua mguu. Kudra ndiye aliyemfundisha. Mwezi mzima alimtembeza tu. Mwezi wa pili alimkimbiza na kifuu cha maji kichwani, na kila tone lililomwagika lilikuwa fimbo moja ya mgongo. "Maji yakitulia juu, hujapoteza nguvu chini," mzee alisema. Alimfundisha kuvuta pumzi hatua tatu na kuitoa hatua tatu, na kupanda mlima kwa kutazama vidole vyake na si kilele. Alimfundisha kuoga nyayo kwa maji ya chumvi na kuzipaka mafuta ya nazi kila jioni. Tena alimfundisha kusikiliza. Kudra alikuwa akikaa kando ya njia, macho amefumba, na mtu akipita mbio alijua kwa kishindo kwamba kisigino cha kulia kinapiga mapema, au bega limekakamaa, au huyu amekula muhogo mwingi jana.

Hiyo ndiyo elimu ambayo Klementi aliifananisha na kukohoa.

Kisha kulikuwa na njuga. Bwana wa Barua aliamini kwamba njuga ni za kuwatishia chui. Alikuwa amesoma hivyo mahali, au aliambiwa na Mzungu mwenzake, na kwa kuwa chui walikuwa wamepungua, aliamuru njuga zikusanywe zote zitundikwe ukutani.

Chui! Pwani yote ile mtu hampiti mzee bila shikamoo, wala hamalizi kwa shikamoo. Ataulizwa habari za nyumbani, na za watoto, na za yule mgonjwa, na za mvua ya kwao. Anayempita mzee mbio bila neno ni mwizi au ana wazimu. Tarishi mwenye kuamkia kila mzee kutoka Mchinga hadi Lindi angefika kesho kutwa. Njuga ndizo zilizomtoa kwenye deni hilo la adabu. Zikisikika kwa mbali, watu walihama njia na kunyamaza, kwa sababu anayekuja si mtoto wa fulani wala mkwe wa fulani. Ni barua.

Maftaha alijua uzito wake kuliko mtu yeyote. Siku aliyokufa baba yake alikuwa njiani na mfuko. Alikaribia Mchinga akaona jeneza linatoka, watu wamelibeba mabegani, na kwa kilemba kilichowekwa juu yake akajua ni la nani. Njuga zilikuwa zinalia mguuni. Waliobeba jeneza wakaingia majanini wakampisha. Maftaha akapita. Alifikisha mfuko Lindi, akarudi, akakuta udongo umekwisha kauka. Hakuna mtu Mchinga aliyemlaumu kwa neno moja, kwa kuwa aliyepita hakuwa Maftaha.

Na sasa Klementi alinyoosha mkono azipokee, akazitundika kwenye msumari nyuma ya meza yake, kati ya kalenda na kofia.

Pengine Bwana wa Barua aliona haya kidogo, au alitaka mchezo, maana kazi yake ilikuwa ya kuchosha na Lindi ina joto. Alisema: sawa. Yuko kuli mmoja wa bandarini, Valentini, hajafundishwa na mtu, ana mabega kama mlango. Huyo ndiye aliyemkusudia kazi. Mzee na alete mtu wake aliyemfundisha. Baada ya miezi miwili watakimbia kutoka Mchinga mpaka Lindi, kila mmoja na mfuko wa uzito sawa. Wa mzee akitangulia, atapewa kazi, na mzee ataandikwa kuwa mwalimu wa matarishi wa njia yote, Kivinje hadi Mingoyo. Akitangulia Valentini, mzee asionekane tena pale barazani.

"Njuga watafunga?" Maftaha akauliza.

"Njuga za nini, mchana kweupe?" Klementi akasema. "Unaogopa fisi?"

"Mwambie Bwana kazi ya njuga si chui. Bila njuga mtu ni mtu, ana wazee wake na wakwe zake njiani."

Klementi akamgeukia Bwana na kusema maneno matano. Bwana akacheka, akatikisa kichwa. Maftaha aliyaelewa manne kati ya hayo matano: mzee anapenda kengele zake.

*

Mtu ambaye Maftaha alimchukua amfundishe aliitwa Romani, Mmatumbi wa milimani upande wa Kilwa, Mkristo wa misheni, umri kama miaka ishirini na sita. Alikuwa ameoa Mmwera aitwaye Rosa na, kama desturi ya Wamwera, alihamia ukweni, katika kijiji kilicho nusu ya njia kati ya Mchinga na Lindi. Hakuwa na mabega. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, mwenye haya, na Biasha, mke wa Maftaha, alipomwona alisema, "Huyu ndiye? Upepo ukivuma tutamtafuta Mafia."

"Nyamaza, mwanamke. Sikiliza anavyotembea."

"Nasikia njaa inatembea."

Lakini alimpa chumba, akampikia uji wa mtama asubuhi na samaki jioni, na baada ya wiki mbili ndiye aliyemgombeza Romani akiacha kula.

Maftaha alimtembeza mwezi mzima. Wiki ya pili Romani alishindwa kujizuia. "Mwalimu, mimi nimekuja kujifunza kukimbia. Kutembea najua tangu kwa mama."

"Mama yako alikufundisha kuanguka na kuinuka. Hujui kutembea. Unakanyaga kama unaua nge. Tembea."

Mwezi wa pili kikaja kifuu cha maji. Fimbo hazikuwapo, maana Maftaha alisema fimbo za Kudra zilimfundisha mgongo tu, miguu haikufaidi kitu. Badala yake maji yakimwagika walirudi mwanzo wa njia, hata kama jua limepanda. Maftaha alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, macho amefumba, goti lake bovu limenyooshwa, akapiga kelele: "Kushoto unaburuta!" "Ngumi hizo, unamgombania nani? Fungua vidole!" "Sasa. Sasa hivyo hivyo. Usifurahi, ukifurahi unavunja pumzi."

Na kila jambo alimweleza kwa nini. Kwa nini maji yanywewe funda mbili na si kibuyu. Kwa nini siku moja katika nne ni ya kulala tu, hata kama mguu unawasha kwa hamu. Kabla ya hapo Romani alikuwa akikimbia nusu saa na kulala siku mbili. Mwisho wa mwezi wa pili alikwenda Lindi na kurudi bila kuchechemea, na usiku akala akaomba aongezewe. Mtu hajioni mgongo wake mwenyewe, ndiyo faida ya kuwa na mwingine nyuma yako.

Hasira ya Maftaha haikupoa siku zote hizo. Alikula nayo. Akiswali alijikuta katikati ya sura anamjibu Klementi.

"Utampiga nani hasa?" Biasha alimwuliza. "Valentini hakukutukana."

"Simpigi Valentini. Nataka wale waandike. Waandike kwamba inafundishwa."

Siku tatu kabla ya mashindano Maftaha alimpa Romani mpango. "Yule atatoka kama mbuzi aliyekata kamba. Mwache. Mwache hata usimwone. Ukifika kwenye mchanga, baada ya kijiji chenu, utamkuta anatembea. Mpite, usimtazame."

"Ndiyo, Mwalimu." Romani akachora chini kwa kidole cha mguu. "Mwalimu. Na mama je?"

Alimaanisha Helena, mama mkwe wake. Kwao mtu hamtazami mama mkwe usoni, wala hakutani naye njiani. Akimwona, hutoka njiani, huchuchumaa, huipa njia mgongo mpaka mama apite. Si jambo la kuamua. Mwili wenyewe unafanya, kama jicho linavyofumba vumbi likija.

Maftaha aliliona jambo lile lilivyokuwa zito. Ndilo alilomwambia Klementi! Alimtuma Biasha siku ile ile kwa Helena, na Biasha alirudi na jibu zuri: Helena amesema hatatoka, atakaa ndani mpaka mkimbiaji apite. Maftaha akapumua. Hakuliona kosa lililokuwa ndani ya maneno hayo, naye ndiye aliyeyatunga.

*

Siku yenyewe Maftaha alikuwa Lindi, kando ya barabara, nje ya ofisi ya barua, mahali ambapo angesikia mtu kabla hajamwona. Waliokimbia waliondoka Mchinga alfajiri. Alipima jua. Sasa wako minazini. Sasa Valentini ametangulia sana. Sasa mchangani. Sasa Romani anampita.

Saa tatu ilipopita alisikia kishindo, akafumba macho. Ilikuwa miguu inayopiga chini kama mchi, mmoja mzito kuliko mwingine, pumzi inakwaruza kama msumeno. Valentini alitokea amepinda upande, povu mdomoni, nyayo zinaacha alama nyekundu. Alipanda ngazi ya kwanza akaanguka kwenye ya pili, mfuko umemwangukia shingoni. Watu walipiga makofi. Bwana wa Barua alitazama saa yake ya mfukoni.

Hata hawajammwagia maji, Romani akafika. Alikuja kwa hatua zilezile za Mchinga, mabega yametulia, mdomo umefungwa. Aliweka mfuko juu ya baraza, akainama mbele ya Maftaha.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa hahemi.

Bwana wa Barua alimtazama Valentini aliyelala, akamtazama Romani, akasema neno lake, na Klementi akalitoa kwa furaha: "Bwana anasema huyu wa kwako hata hajajaribu. Mwenzake amejitoa roho, yeye hana hata jasho. Huyu mvivu."

Ndivyo walivyoisoma kazi ya miezi miwili. Mtu aliyejiharibu walimwita hodari, na mtu aliyefika mzima wakamwita mvivu.

Maftaha alimshika Romani mkono. "Nini kilikuchelewesha?"

Romani alitazama chini. "Mama."

"Mama alikuwa ndani!"

"Alikuwa njiani, Mwalimu. Na kuni."

Hapo akafika Abilahi, mchuuzi wa samaki wakavu, na baiskeli yake, anacheka mpaka anashindwa kushuka. "Jamani, nisikilizeni mimi, mimi nimeona! Niko nyuma ya huyu bwana, anakwenda vizuri, laini kama mafuta. Mara karuka kichakani, kachuchumaa. Nikasema tumbo limemshika. Kutazama upande wa pili, mama naye amechuchumaa, kuni kichwani, kanga usoni, ameipa njia mgongo! Nikawauliza, jamani, mnacheza kibe cha kujificha? Huyu ananiambia, mwambie mama apite, ndiye mkubwa. Namwendea mama. Mama anasema, mwambie yeye apite, ana haraka ya Serikali. Narudi kwa huyu. Hathubutu. Narudi kwa mama. Hathubutu. Nimekuwa mshenga, na samaki wangu wanaliwa na nzi! Mwisho nimevua shuka langu nikalishika katikati ya njia kama pazia la bibi harusi, ndipo huyu akapita."

Baraza lote lilicheka. Abilahi hakuwa na ubaya. Mtu akiona jambo kama lile lazima alisimulie. Lakini Maftaha alikuwa anahesabu kwa kichwa, na hesabu ilipotimia aliona giza. Helena aliambiwa akae ndani mpaka mkimbiaji apite. Mkimbiaji alipita: Valentini, wa kwanza, na kelele za watoto nyuma yake. Helena, aliyejitunza ndani, ambaye kwa heshima hakuchungulia hata dirishani asije akamwona mkwewe, alisikia kelele zimepita akasema basi, kazi imekwisha, akatoka kwenda kuokota kuni. Na aliyempanga Romani akimbie nyuma alikuwa Maftaha mwenyewe. Njuga zingekuwapo, Helena angezisikia kabla ya kona.

Klementi alimsimulia Bwana kwa Kiingereza. Safari hii hakupunguza kitu. Bwana alicheka mpaka akatoa leso.

Ndipo Maftaha akaingia ofisini. Hakubisha hodi. Alipita nyuma ya meza ya Klementi, mahali ambapo hakuna tarishi aliyewahi kukanyaga, akanyoosha mkono kati ya kalenda na kofia, akazitoa njuga kwenye msumari.

"Mzee! Hiyo mali ya Serikali!"

"Na baba yangu alikuwa mali ya nani?" Maftaha akasema. "Nilimpita baba yangu kwenye jeneza kwa ajili ya hizi. Ulikuwa hujazaliwa. Inuka unizuie."

Klementi hakuinuka.

Maftaha alitoka nazo, akapiga goti zima chini mbele ya Romani, yeye mzee mbele ya kijana, akamfunga njuga kwenye mguu wa kulia, fundo la Kudra, lisilolegea kwa maji wala kwa jasho. "Mchukueni huyo hodari wenu," aliwaambia waliokuwa barazani, "mwambieni arudi Mchinga sasa hivi. Barua haziji Lindi tu. Zinakwenda pia! Mwambieni!" Valentini alikuwa amegeuzwa ubavu, anatapika maji. "Haya. Romani, baba, kunywa funda mbili. Rudi Mchinga."

"Nikimbie?"

"Kwani umekuja kwa punda?"

Romani akaondoka. Bwana wa Barua alikuwa amekwisha ingia ndani kunywa chai. Klementi alikuwa anaandika jina la Valentini kwenye daftari, na hakuinua kichwa. Wachache waliobaki walimwona mtu aliyekwisha kukimbia kutoka Mchinga akiondoka tena, hatua zilezile, na njuga zikilia kwa mara ya mwisho ambayo mji ule ulizisikia. Maftaha alifumba macho akasikiliza. Kushoto hakuburuti. Vidole vimefunguka. Alisikiliza mpaka mwisho, na alipofumbua macho yalikuwa mekundu kwa hasira, kwa sababu hakuna aliyeandika.

*

Yeye alirudi kwa miguu, kwa goti lake, na siku ya pili akapita kijijini kwa Helena. Mama alikuwa ameketi barazani pake anachambua mbaazi. Alisimama.

"Baba Maftaha, nimewaharibia. Tangu jana sijala. Niliambiwa mkimbiaji akipita nitoke. Alipita."

"Kosa si lako. Hukuambiwa wa ngapi."

"Lakini jana adhuhuri nilikuwa kisimani, nikasikia njuga. Siku nyingi hatujazisikia. Nikasimama pembeni na ndoo yangu kama zamani. Tarishi akapita hapa, karibu hivi, ningeweza kumgusa. Nikampigia kigelegele."

"Ulimwona usoni?"

"Nilimwona tarishi," Helena akasema. "Mkwe wangu sikumwona."

Maftaha alimwomba maji, akanywa funda mbili, akaendelea na safari.

Mvua zikaanza. Serikali haikutuma askari kudai njuga; huenda Klementi aliona haya kueleza zilivyotoka. Lori lilizama, kama kila mwaka, na Valentini akapewa mfuko. Wiki ya tatu, asubuhi yenye manyunyu, alitokea Mchinga nyumbani kwa Maftaha. Romani alikuwapo, anamsaidia mzee kuezeka. Valentini alikuwa amefunga nyayo kwa vipande vya gunia, na alitembea kama anayekanyaga makaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Maftaha hakuitikia. Kwa watu wa pale, kutoitikia shikamoo ni kumpiga mtu kofi. Biasha alitoka jikoni akashika mdomo.

"Umefuata nini?"

"Nisaidie, Mwalimu. Sifiki mwisho wa mvua. Nyonga hii, usiku silali. Mfuko wa juzi nilitaka kuutupa mtoni."

"Nani alikufundisha kukimbia?"

"Hakuna."

"Basi nenda kwa huyo Hakuna akakutibu!" Maftaha alishuka ngazi, makuti yakaanguka. "Kazi hii ni ya huyu hapa! Huyu! Aliyekwenda na kurudi siku moja! Waliona kwa macho yao, wakaandika jina lako, na sasa wewe unaniletea miguu yako niwashonee? Bila cheo, bila karatasi, wao wakae kule wanasema mtu mweusi anazaliwa anakimbia, na mimi huku ndiye ninayekuzaa?"

Valentini hakuwa na kosa. Mvua ilimchuruzika usoni na alibaki amesimama kwa mguu mmoja.

Romani ndiye aliyesogea. Alichota maji ya moto jikoni kwa Biasha, akatia chumvi, akaleta beseni akaliweka chini karibu na kinu kilichopinduliwa. "Barua za watu, Mwalimu," akasema taratibu. "Hazina kosa."

Maftaha alimtazama mtu huyo aliyenyang'anywa kazi akiwa ameinama anapima joto la maji kwa kiwiko. Akaketi juu ya kinu. Akavuta mguu wa Valentini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akafungua gunia, akatazama.

"Unapiga kisigino. Unakanyaga kama unaua nge. Kesho tutatembea."

"Kutembea tu?"

"Mwezi mzima. Na ukipeleka mfuko Lindi, mwambie Klementi nimefungua chuo. Kama ana kikohozi, aje."

Akautia mguu ule majini. Chumvi iliingia kwenye nyama na Valentini akapiga ukelele uliosikika mpaka ufukweni.

"Marahaba," Maftaha akasema.